Moto wa Stima Una Kinga: Mwenye Ploti Aulizwe Kwanza

Kila nyumba inapoteketea katika Kaunti ya Nakuru, iwe Kaptembwo, Rhonda, Bondeni au kule Karagita, mambo huenda kwa mpangilio ule ule. Wazimamoto hufika mabati yakiwa yameshakunjamana, majirani wameshamaliza maji ya mitungi yao, na mama mwenye nyumba ameketi kando ya barabara akiwa amebaki na nguo alizovaa. Chifu huja, polisi huandika, na kabla ya jua kutua sababu imetangazwa: hitilafu ya umeme. Faili hufungwa hapo. Wasamaria huleta unga na mablanketi, mwenye ploti huagiza mabati mapya, na baada ya wiki chache vyumba vimesimama pale pale, vimevutiwa waya za aina ile ile na fundi yule yule, na wapangaji wapya wameanza kulipa kodi.

Gazeti hili linasema mtindo huo ukome. Hitilafu ya umeme ndiyo inayopaswa kufungua faili. Waya haijipeleki yenyewe ukutani. Kuna mtu aliyeinunua, mtu aliyeivuta, mtu aliyetia sahihi kwamba kazi ni safi, na mtu anayepokea kodi kila mwanzo wa mwezi. Wote wana majina na nambari za simu, na bado hakuna anayewauliza neno. Msimamo wetu ni huu: nyumba ya kupangisha ambayo stima yake haijakaguliwa na fundi mwenye leseni kwa miaka mitano haistahili kutozwa kodi, na Kaunti ya Nakuru ina wajibu wa kulifanya jambo hilo kuwa sheria.

Tutajibiwa kwamba ajali haina kinga. Jibu hilo limewafariji waliofiwa kwa muda mrefu, na limewalinda wazembe kwa muda mrefu zaidi. Radi ikipiga nyumba, huenda tukasema hivyo. Moto wa stima una kinga, kinga yenyewe inajulikana, inauzwa madukani, na bei ya breka moja haifikii kodi ya mwezi mmoja ya chumba cha hali ya chini.

Tazama chumba cha kawaida cha ploti. Ni futi kumi kwa kumi, kuta za mabati au mbao, ndani zimefunikwa kwa maboksi na pazia ili baridi isipenye. Mwenye ploti alivuta taa moja katikati ya dari na, alipotaka kodi ya juu kidogo, akaongeza soketi moja karibu na mlango. Mpangaji ana televisheni, simu mbili, pasi, birika, na koili ya kupikia. Soketi moja haimtoshi. Kwa hivyo kwenye kishikilia balbu hufungwa adapta yenye matundu ya plagi, na kutoka hapo ekstensheni ya bei rahisi hushuka nyuma ya kabati, hupita chini ya godoro na kutokezea mezani. Chaja ya miguu miwili haingii kwenye soketi ya matundu matatu, basi tundu la juu hufunguliwa kwa kifuniko cha kalamu. Koili haina plagi kabisa: waya zake mbili zimeingizwa uchi kwenye matundu na kukazwa kwa vijiti vya kiberiti.

Sasa fanya hesabu. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8. Koili ya wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 6. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Vikiwashwa pamoja asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, jumla ni karibu ampea 20. Waya nyembamba ya milimita za mraba 0.75, ambayo ni ya kawaida kwenye ekstensheni za bei rahisi, hubeba ampea 6 tu kwa usalama. Na joto hukua kwa kasi zaidi kuliko mkondo wenyewe: mkondo ukizidi mara tatu, joto ndani ya waya huzidi mara tisa. Plastiki inayofunika shaba hulainika, hukauka, hupasuka, kisha huwaka. Juu yake kuna godoro la sponji.

Penye breka nzuri, mambo hayafiki huko. Breka ikihisi mzigo umezidi, hukata stima, na mwenye nyumba hupata usumbufu wa dakika mbili badala ya msiba. Lakini breka ya ampea 5 ya taa ikianguka kila jioni, wapangaji hulalamika, keateka humwita fundi wa mtaani, naye fundi huitoa na kuweka ya ampea 30. Fyuzi ikikatika, mahali pake huwekwa uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Malalamiko huisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo kitakachokatika kwanza ni waya yenyewe, na itakatika kwa moto. Fundi anayefanya kazi ya namna hiyo, na mwenye ploti anayeilipia, hawana haki ya kusimama mbele ya majivu na kutamka kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Sheria haikosekani. Sheria ya Kawi ya 2019 ilianzisha mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, na kuipa kazi ya kutoa leseni kwa mafundi na wanakandarasi wa stima kulingana na ujuzi wao. Asiye na leseni haruhusiwi kuvuta waya za nyumba. Kabla ya Kenya Power kufunga mita, fundi huyo mwenye leseni hutakiwa kutoa cheti kwamba kazi imekamilika na imepimwa. Kwenye karatasi, mpango ni mzuri. Lakini mtaani inajulikana jinsi cheti hicho kinavyoweza kupatikana: kazi hufanywa na kijana asiye na leseni, halafu hutafutwa mwenye leseni wa kutia sahihi na mhuri bila kukanyaga kwenye ploti. Huo ni uongo unaoua, na EPRA inapaswa kuuchukulia hivyo kwa kumnyang'anya leseni kila anayeuza sahihi yake.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba macho ya sheria huangalia siku moja tu, siku ya kufungwa kwa mita. Kenya Power husema, na ni kweli, kwamba jukumu lake huishia kwenye mita. Waya za ndani ni za mwenye nyumba. Baada ya siku hiyo jengo linaweza kukaa miaka arobaini bila mtu yeyote kufungua kisanduku cha swichi kuu. Vyumba vinne vinakuwa kumi na viwili, vyote vikinyonya kwenye mita ile ile. Banda linaongezwa nyuma, saluni inafunguliwa mbele, mashine ya kuchomelea vyuma inaletwa, na waya iliyovutwa kwa ajili ya balbu nne inabebeshwa mtaa mzima.

Nchini Uingereza, nchi iliyoturithisha plagi hii ya miguu mitatu, walilitambua pengo hilo. Tangu 2020, kanuni za England zinamlazimu mwenye nyumba binafsi ya kupangisha kuhakikisha stima inakaguliwa na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miaka mitano, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Usiku wa 14 Juni 2017, jokofu moja katika jikoni la orofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, London, lilipata hitilafu ya umeme na kushika moto. Kuta za nje zilikuwa zimefunikwa kwa vifaa vinavyowaka, na moto ukapanda hadi juu. Watu 72 walikufa. Kama jokofu moja katika nchi yenye magari ya zimamoto kila upande linaweza kuleta maafa hayo, sisi wenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa taabu tunategemea nini?

Kenya nayo imepiga hatua katika vitabu. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika 1 Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968 ambazo ziliandikwa wakati familia nyingi zilikuwa na taa ya koroboi. Ni jambo la kupongezwa. Lakini wakazi wa kaunti hii wanajua umbali uliopo kati ya kanuni na ploti. Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40, na ukaguzi wa mabwawa mengine ukaja baada ya maafa. Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, na EPRA ikaeleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kibali ya kituo hicho mara tatu mwaka uliotangulia. Kibali kilikataliwa na kazi ikaendelea. Hatutaki kusikia maelezo ya aina hiyo kuhusu ploti yoyote ya Nakuru.

Ndiyo maana tunaigeukia kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Nakuru ilipata hadhi ya jiji 1 Desemba 2021, na hadhi hiyo ina madeni yake. Zaidi ya hayo, kaunti yenyewe ni mwenye nyumba. Mitaa kama Flamingo na Kivumbini ilijengwa enzi za ukoloni, ikawa chini ya baraza la manispaa, kisha ikarithiwa na kaunti. Wakazi wake hulipa kodi kwa kaunti. Familia ambazo zamani zilikuwa na balbu na redio sasa zina jokofu, birika na bafu la maji moto. Kaunti haiwezi kumtoza faini mwenye ploti wa Rhonda kabla ya kufungua visanduku vya stima katika nyumba zake na kuchapisha ilichokikuta humo.

Kuna suala la stima ya sambaza, na hapa hatutamung'unya maneno. Mtu anayepanda kwenye nguzo usiku, akavuta waya juu ya mabati na kuzitoza familia hamsini pesa za kila mwezi bila mita wala breka, anauza moto. Akamatwe. Kama yuko mfanyakazi wa umma anayemfungulia njia, naye akamatwe pamoja naye. Tunajua pia kwa nini wateja wake wapo. Mpango wa kusambaza umeme mashinani ulioanza 2015 ulishusha gharama ya kuunganishiwa hadi shilingi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ukawafikia wengi. Lakini mpangaji wa chumba hana uwezo wa kuomba mita. Mwenye ploti ndiye mwenye uwezo huo, na wako wanaopendelea sambaza kwa sababu haina makaratasi. Kukata waya hizo asubuhi bila kumlazimisha mwenye ploti aweke mita halali ni kuhakikisha zinarudi jioni.

Mashambani pia kuna hatari yake. Huko Njoro, Bahati na Subukia, nyumba nyingi zilizofikiwa na mpango huo zilipewa kibao chenye soketi na swichi tayari, kwa sababu hazikuwa na waya za ndani. Kibao hicho kina kinga yake na kilikusudiwa kazi ndogo. Sasa kutoka kwenye soketi yake waya huvutwa hadi jikoni, hadi kwa mkwe, hadi kwenye kibanda cha vifaranga ambako balbu ya joto huning'inia kwa kamba sentimita chache juu ya maranda makavu. Kamba ikilegea usiku, kibanda huwaka, na upepo hauchagui upande. Molo na Kuresoi, ambako baridi ya Julai haina huruma, hita ya chumba huchomekwa kwenye ekstensheni na kuachwa hadi asubuhi. Njokerio, nje ya Chuo Kikuu cha Egerton, wanafunzi hupika kwa koili ndani ya vyumba vyenye godoro, vitabu na pazia, na mlango mmoja.

Bidhaa feki ni mshirika wa kimya katika haya yote. Ziko waya madukani ambazo ni alumini iliyopakwa shaba nje. Ukiikwaruza kwa kisu, rangi nyeupe hutokea chini ya ile nyekundu. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hupata joto zaidi kwa unene ule ule, na hulegea kwenye skrubu kadiri miezi inavyopita. Mahali palipolegea ndipo cheche huanzia. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limeweka njia ya kumwezesha mnunuzi kuthibitisha bidhaa kwa kutuma nambari ya kibali iliyo kwenye alama ya ubora kwa arafa kwenda 20023. Itumieni kabla ya kulipa. Lakini mwananchi si askari wa soko. Maafisa wa KEBS waonekane kwenye maduka ya vifaa vya stima Nakuru, Naivasha na Molo, na shehena feki ziharibiwe hadharani.

Kwa wenzetu walio ndani ya nyumba, wajibu wetu ni kuwaambia ukweli bila kuwabembeleza. Dalili ya mvua ni mawingu, na moto wa stima huwa na mawingu yake siku nyingi kabla. Soketi iliyo moto ukiigusa. Plagi iliyogeuka rangi ya kahawia. Taa inayopungua mwanga birika likiwashwa. Harufu ya plastiki inayoungua isiyojulikana inatoka wapi. Swichi inayotoa mlio wa kukaanga. Breka inayoanguka tena na tena. Ukiona mojawapo, zima swichi kuu, mpigie mwenye nyumba, na umwandikie ujumbe wa simu ili tarehe ibaki. Ujumbe huo ni ushahidi.

Mambo mengine hayahitaji fundi. Birika, pasi, koili na hita kila kimoja kichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake, na kisichomekwe kamwe kwenye kishikilia balbu. Waya isipite chini ya godoro wala zulia. Simu isichajiwe chini ya mto. Na stima ikipotea, chomoa kila kitu kabla ya kutoka. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Katika giza la namna hiyo pasi husahauliwa mezani ikiwa imewashwa, mwenyewe huondoka kwenda sokoni, stima hurudi, na nguo hushika moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Moto ukianza, kata stima kwanza kama unaweza kuifikia swichi salama. Usimwage maji kwenye kitu chenye stima. Toka, toa watu, kisha piga 999 au 112. Televisheni itanunuliwa tena.

Na lipo jambo zito kuliko yote. Madirisha ya vyumba vingi yamechomelewa vyuma visivyofunguka, na mlango ni mmoja. Wako wazazi wanaoamka alfajiri kwenda vibarua, pamoja na wale wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, wakawafungia watoto kwa kufuli kwa nje kwa kuwa hawana wa kuwaachia. Tunajua shida yao na hatuwahukumu kwa umaskini wao. Lakini mtoto aliyefungiwa chumbani na moto hana la kufanya. Jirani apewe ufunguo. Vyuma vya dirisha moja vifungwe kwa bawaba ili vifunguke kwa ndani. Waajiri na kaunti wafungue vituo vya kulelea watoto karibu na mitaa ya wafanyakazi, vyenye ada ambayo kibarua anaimudu.

Yapo yatakayosemwa kupinga. Wenye ploti watasema ukaguzi utapandisha kodi. Ukaguzi wa mara moja kila miaka mitano, ukigawanywa kwa vyumba kumi na kwa miezi sitini, ni pesa ambazo hazionekani kwenye kodi. Kaunti itasema haina wakaguzi. Haihitaji jeshi: mafundi wenye leseni wapo, wakague wao kwa malipo ya mwenye nyumba, na kaunti ipime kazi yao kwa kuchagua majengo bila kuwatangazia. Wengine watasema maskini watafukuzwa kwenye nyumba zisizofaa. Sheria iandikwe vizuri: jengo likishindwa, mwenyewe apewe muda mfupi wa kurekebisha huku mpangaji akibaki na kodi ikisimamishwa. Atakayeumia ni yule aliyekuwa akifaidika na hatari hiyo.

Kwa hivyo tunatoa hukumu yetu kwa kila mhusika, kulingana na kazi yake.

Bunge la Kaunti ya Nakuru lipitishe sheria ya ukaguzi wa stima kila miaka mitano kwa nyumba zote za kupangisha, cheti kibandikwe mahali ambapo kila mpangaji anaweza kukisoma, na nyumba za kaunti ziwe za kwanza. EPRA ichapishe majina ya mafundi walionyang'anywa leseni. Kenya Power isirudishe stima katika jengo lililoungua hadi cheti kipya kitolewe na mkaguzi ambaye hakuhusika na kile cha zamani. Polisi wakiandika hitilafu ya umeme, waandike pia nani alivuta waya hizo, lini, na kwa leseni gani. Na palipo na kifo, faili lipelekwe kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Wenye ploti wasingoje sheria: wamwite fundi halali wiki hii, wafungue kisanduku, waone wanachokitoza kodi.

Mvuke wa Olkaria, ndani ya kaunti hii, umekuwa ukizalisha umeme wa taifa tangu 1981. Watu wanaoishi karibu na chanzo cha nguvu hiyo wana haki ya kuitumia bila kuteketea. Haki hiyo haitaletwa na rambirambi. Moto ujao utakapotokea, gazeti hili halitaridhika na tamko la hitilafu ya umeme. Tutauliza jina la mwenye ploti, nambari ya leseni ya fundi na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na tutaendelea kuuliza hadi tujibiwe.